Njoo Jioni

"Mimi nikikagua mahali, hata panya wanajipanga mstari!"

Hayo aliyasema shangazi yangu mbele ya umati, kwenye kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, siku ya kufunga kampeni zake za udiwani. Watu walipiga makofi mpaka vumbi likatimka. Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa nimeshikilia waya wa spika usichomoke, nikajisemea: haya, panya wamekwisha.

Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani, na baada ya hapo ameendelea kuwa fundi cherehani. Kiti cha udiwani, anasema, unakikalia siku wakikuita. Cha cherehani kinakuita chenyewe kila asubuhi. Siasa aliiingia kwa mlango wa ajabu. Halmashauri ilimpa kazi ya kushona mapazia ya ukumbi wa mikutano. Siku ya kuyatundika, wakamsahau juu ya ngazi, kikao kikaanza. Kutoka kule juu akaona vizuri nani anasinzia, nani anachezea simu chini ya meza, na nani anainua mkono kuunga hoja halafu anamnong'oneza jirani yake, "Hoja gani hiyo?" Akashuka na pini mdomoni na uamuzi kichwani.

"Kumbe ndio hawa?" aliniambia jioni ile. "Kulala vile hata mimi naweza."

Alipochaguliwa hakulala. Walimweka kwenye kamati ya elimu na vijana, ile inayozungukia shule na vituo vya vijana kuona kama kazi inafanyika au inaigizwa. Ukaguzi aliufanya kama anavyokagua nguo ya fundi mwingine: kwanza anaigeuza ndani nje. Mwalimu mkuu akimpeleka kuona ukuta wa mbele uliopakwa rangi jana, yeye huyo, anazunguka nyuma. Akionyeshwa ofisi, anauliza vyoo viko wapi. Akikaribishwa kiti cha wageni, anakwenda kubanana kwenye dawati la darasa la pili, magoti yanagusa kidevu, anasoma ubaoni kutoka pale pale. Ndipo wakampa jina la Mama Geuza. Yeye alilikasirikia kwa mdomo tu, moyoni alilipenda.

Sasa nyuma ya stendi ya mabasi kulikuwa na kituo cha vijana cha halmashauri. Ghala la zamani lililogawanywa vyumba: karakana, chumba cha vitabu, ukumbi wenye jukwaa la mbao. Msimamizi wake alikuwa mwalimu wa ufundi, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, vijana wanamwita Spana. Kamati ilikuwa imefika pale mara kadhaa, na kila ilipofika ilimkuta Spana na paka. Mabenchi matupu, mashine zimefunikwa, paka amelala juu ya meza ya useremala kama ndiye fundi mkuu.

"Vijana wako wapi?" waheshimiwa wanauliza.

"Asubuhi hawa wako shule, na wengine wako vibaruani," Spana anajibu. "Waheshimiwa, njooni jioni."

Waheshimiwa wanatazamana na kucheka. Jioni haikuwezekana. Gari la halmashauri lilikuwa linatoka baada ya chai ya asubuhi, na saa tisa na nusu dereva analiegesha uani, anafunga geti, funguo anamkabidhi mlinzi. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za gari la kabla ya hilo. Kwa hiyo kila kitu kinachokaguliwa hapa kwetu kilikaguliwa kabla ya chakula cha mchana, na hakuna aliyewahi kuona ajabu.

Ila wenzake walicheka tu. Shangazi alihukumu. Na mtu wa kumlaumu ni cherehani yake. Maana "njoo jioni" ni maneno ambayo mafundi nguo wote duniani wamezaliwa nayo. Shangazi akikwambia njoo jioni, jua kitambaa chako bado kimekunjwa kama ulivyokileta, na kuna mtu amekikalia. Ukija jioni, atakwambia vifungo tu vimebaki. Miaka yote ile amewaambia watu njoo jioni, na hakuna hata jioni moja iliyokuwa ya kweli. Sasa amsikie mtu mwingine anayatamka, tena bila kupepesa macho? Alimjua mwongo mwenzake papo hapo, au alidhani amemjua.

"Ile ni nyumba ya popo," aliiambia kamati. "Ifungwe, jengo lipewe kazi nyingine." Kamati ikakubali kwa kauli moja: ghala lirudi kuwa ghala, liwekwe viti na meza mbovu za halmashauri. Ikabaki baraza zima la madiwani kupitisha.

Siku moja kabla ya baraza, cherehani yake ikaanza kuruka mishono. Msimu wa sare za shule, duka limejaa vitambaa vya bluu mpaka mlangoni, na cherehani inashona hatua mbili, inaruka moja. Fundi wake wa siku zote alikuwa ameshahama mji. Mimi kibanda changu cha kuchapa na kutoa nakala kiko ukuta mmoja na duka lake, nikamwambia duka la vipuri lile la kona lina binti mbeba maboksi ambaye hana muda mrefu mjini lakini anasifika kwa kutengeneza cherehani.

Binti akaja wakati wa mapumziko yake ya mchana, mikono imejaa grisi, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali. Akazungusha gurudumu taratibu, akainamisha sikio kama daktari.

"Shangazi, ile ndoano ya chini inayoshika uzi imelika. Nitaisugua, ikubali. Lakini hapa sina vifaa. Nipe kichwa chake niende nacho, njoo jioni uchukue."

Shangazi akaacha kutafuna karanga zake. "Nije wapi?"

"Kituo cha vijana, nyuma ya stendi."

"Pale kwa popo?"

"Popo gani, shangazi?" Binti akamtazama kwa mshangao wa kweli, akakibeba kichwa cha cherehani kifuani kama mtoto, akaondoka.

Mchana huo haukuwa wa kukaa karibu naye. "Nimeibiwa," alikuwa akisema, huku akipiga pasi suruali ya mtu kama anaiadhibu. "Mimi mtu aniambie njoo jioni? Mimi? Yaani samaki afundishwe kuogelea?"

"Labda ni kweli, shangazi."

"Wewe uliyesoma stashahada nusu, niamini nusu. Lile jengo nimelikagua kwa macho haya. Twende, nikawashike wote wawili, yeye na huyo Spana wake. Na kesho barazani nitakuwa na la kuongeza."

Akavaa viatu vyake vya ugomvi, vile vyenye kisigino kinachosikika kabla yake. Tukapita stendi, tukazunguka nyuma. Tulipokaribia geti, visigino vikapunguza mwendo vyenyewe.

Kelele. Msumeno, nyundo, mtu anacheka, kundi zima linaimba mstari mmoja na kuurudia kwa sababu mwenzao mmoja anaukosea. Uani baiskeli zimelaliana ukutani hakuna pa kupita. Chumba cha vitabu madirisha yamejaa vichwa. Waliokosa nafasi ndani wamekaa kizingitini wakisomea mwanga wa mlango. Karakana ndiyo usiseme: kila meza ina mtu, na nyuma ya kila mtu kuna mwingine anasubiri zamu yake huku akimwambia wa mbele anakosea. Paka alikuwa amepoteza meza, amehamia juu ya kabati, anatazama kwa chuki.

Shangazi alisimama mlangoni, mdomo wazi. Nimemjua maisha yangu yote, sikuwahi kuuona ukikaa wazi bila kutoa kitu.

Binti alikuwa kwenye meza ya mwisho. "Shangazi, umefika! Njoo ujaribu." Akaweka kipande cha kitambaa, akakanyaga, mishono ikatoka imenyooka kama imechorwa. Shangazi akakichukua, akakigeuza upande wa pili, akakisogeza machoni.

"Safi," alisema, sauti ndogo.

"Nashukuru. Maana nilikuwa naharakisha, leo huenda ndiyo mwisho. Wanasema kesho wakubwa wanafunga hapa."

"Wakubwa gani?"

"Sijui hata mmoja. Kuna mama mmoja mkali ndiye ameshikilia, anaitwa Mama Geuza. Sijui tumemkosea nini." Binti akafuta ndoano kwa kitambaa, hana habari. "Hivi vifaa vyote ni vya kituo. Wakivichukua, mimi nitabaki kubeba maboksi ya watu mpaka nizeeke. Unamjua huyo mama, shangazi?"

Nilikohoa. Nikaendelea kukohoa, maana kicheko kilikuwa kimeshika koo.

"Namjua," shangazi alisema. "Si sana."

Wakati huo huo Spana akatokea, miwani juu ya paji la uso. "Mheshimiwa diwani! Karibu sana, karibu!" Hakumsuta, hakumkumbusha kitu. Alifurahi kama mwenye nyumba aliyepata mgeni, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kusutwa. Binti aliangusha bisibisi.

"Mama, mimi sikujua, nisamehe..."

"Usiniombe radhi, mwanangu," shangazi alisema. "Nipe kiti." Akakaa pale mpaka taa zilipozimwa, akiangalia. Njiani kurudi, nimebeba kichwa cha cherehani, nilimsikia akisema: "Mungu wangu, ningelifunga."

Asubuhi barazani nilikaa viti vya wananchi. Hoja ilipofika, mwenyekiti wa kamati, baba mnene mwenye sauti ya taratibu, akaisoma. Ikabaki mikono kuinuliwa. Shangazi akasimama.

"Mheshimiwa, naomba hoja hii ingoje. Nilikosea."

Ukumbi ukaamka. Hata wale wa kusinzia.

"Mama Geuza leo umejigeuza mwenyewe?" diwani mmoja akarusha, watu wakaangua kicheko.

"Cheka, ndugu yangu, cheka ushibe, halafu unisikilize. Sisi tumekwenda pale asubuhi, kila mara asubuhi. Ni kama kwenda uwanja wa mpira Jumatatu saa nne, umkute mkata nyasi, halafu urudi hapa useme watu wa mji huu hawapendi mpira. Yule mwalimu alituambia njooni jioni. Mimi ndiye niliyesema ni mwongo. Nilimpima kwa kipimo changu, na wateja wangu waliomo humu ndani wanajua ninasema nini."

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha namna nyingine. Wateja wake walikuwa wengi humo.

"Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulitupa neno la popo," mwenyekiti wa kamati akasema, amekunja uso. "Tutakuaminije leo?"

"Msiniamini. Twendeni leo jioni mkaone."

"Na gari?"

Wote wakamgeukia dereva aliyekuwa kasimama mlangoni. Dereva akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayelinda sheria. "Saa tisa na nusu, waheshimiwa."

"Basi pikipiki zimekufa?" shangazi akauliza.

Jioni hiyo kamati ya elimu na vijana iliingia kituoni kwa msururu wa pikipiki. Mwenyekiti alikuja wa mwisho, amemkumbatia dereva wake kwa macho yaliyofumbwa, na aliposhuka alimshukuru kama mtu aliyeokolewa majini. Hakuna aliyehutubia. Walitembea meza hadi meza, wakisukumwa na vijana wasiowajua: "Mzee, samahani, nipishe." Mwenyekiti alipewa ncha moja ya ubao aishike wakati unakatwa, akaishika mpaka mwisho, vumbi la mbao limemjaa nywele. "Mbona hatukuambiwa?" akamnong'oneza shangazi. "Tuliambiwa," shangazi akamjibu.

Kesho yake hoja ikaondolewa. Hakuna mkono uliopinga, na safari hii wote walijua hoja gani.

Nilikuwa dukani kwa shangazi binti alipokuja kuitazama cherehani, na habari ikamfikia pale. Hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya rundo la sare za bluu, akavuta pumzi ndefu. Shangazi naye akavua viatu, akanyoosha miguu, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ukanda wa kupimia.

Siku hizi kamati inakagua vituo vya vijana jioni. Gari bado linalala saa tisa na nusu, kwa hiyo kila diwani anajilipia. Pikipiki kutoka halmashauri hadi kituoni ni shilingi elfu moja, na mvua ikinyesha ni elfu moja mia tano.