Mnara Arudi Uwanjani

Kiwandani walimwita Mnara, na jina likamganda. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi wa zamu yake. Kwa miaka mingi alishona viatu vya ngozi, ameinamia cherehani karibu na dirisha, na Jumamosi mchana alivua aproni na kwenda kulinda goli la timu ya kiwanda ya mpira wa pete. Mfungaji aliyesimama mbele yake aliona mikono tu, pete hakuiona.

Kisha uchumi ukayumba. Maduka yakapunguza kuagiza viatu, zamu ya usiku ikafutwa, na asubuhi moja msimamizi akawakusanya uani akawaambia, macho chini, kwamba mashine zinazimwa na hajui zitawashwa lini.

Mwanzoni Mnara alihangaika. Alibisha hodi kila karakana, akarudi na viatu vyenye vumbi na jibu lile lile. Baadaye akaacha kutoka. Akimwona mwenzake wa zamani barabarani, alivuka upande wa pili, maana alijua ataulizwa, "Vipi, umepata?" Nyumbani alikuwa mkali kwa jambo dogo. Mumewe, fundi bomba ambaye kazi zake nazo zilikuwa za kubahatisha, alijifunza kuingia ndani kama mgeni. Usiku kichwa kilimgonga, moyo ukamwenda mbio hali amelala.

Mumewe ndiye aliyemkokota hadi zahanati. Muuguzi aliyempima alikuwa mama mfupi, mchangamfu, mwenye sauti ya kupasua ukuta.

"Presha iko juu, dada yangu. Unalala kweli?"

"Mimi nalala. Usingizi ndio hautaki kulala na mimi."

Muuguzi alicheka, akampa dawa, akamwonya asiziruke, kisha akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Na urefu wote huu unaufanyia nini siku hizi?"

"Natoa utando wa buibui darini."

"Wewe si ndiye yule mlinzi wa timu ya viatu? Mlinisumbua sana nyie. Sasa viwanda vimefungwa, timu zimekufa, sisi wauguzi tumebaki tunacheza wenyewe kwa wenyewe. Hatuna hata mtu wa kumfunga."

Neno hilo lilimchoma Mnara mahali ambapo sindano haifiki. "Wa kumfunga nani?" akauliza.

"Nyinyi. Kama bado mpo."

"Tupo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Alitoka pale amenyooka, mumewe akimkimbilia nyuma. Hakuwa na timu, hakuwa na mpira, na damu ilikuwa inamchemka kwa raha aliyoisahau.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Kipepeo, kiungo wao wa kati, mwanamke mwembamba aliyekuwa akikimbia kama anayefukuzwa. Pazia lilikuwa limefungwa mchana kweupe.

"Nani?"

"Mnara."

Sauti ndogo ikasema, "Kama umekuja kuuliza habari za kazi, sina habari."

"Sikufuata habari. Nimefuata miguu yako."

Mlango ulifunguka. Kipepeo alikuwa amekonda, macho mekundu. Walitazamana, wakaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Kumbe kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyezama, wenzake wanaelea.

Waliwapitia wengine nyumba kwa nyumba. Mlinzi wa kiwanda, aliyebaki akichunga ua mtupu, aliwafungulia geti wafanye mazoezi uani, kwa furaha ya mtu aliyechoka kuzungumza na paka. Siku ya kwanza walikimbia mzunguko mmoja wakaanguka chini wakihema kama mabati ya moto yaliyomwagiwa maji. Lakini wakarudi kesho yake. Wakipumzika walipeana habari: wapi pana kibarua, nani anaumwa na haendi hospitali, nani anahitaji kushikiwa mtoto. Mmoja aliyekuwa hasemi na mtu tangu kufungwa kwa kiwanda alisindikizwa zahanati na timu nzima.

Jumamosi ile ua ulifurika. Watu waliokuwa wakipitana bila salamu walibanana kwenye ukuta, na watoto wakapanda juu ya makreti. Wauguzi walianza kwa kasi, wakaongoza karibu mchezo mzima. Kipepeo akaamka. Alikata pasi huku, akaipenyeza kule, magoli yakaanza kurudi moja moja, na kelele ikapanda hadi mabati ya kiwanda yakatetemeka.

Walipolingana, dakika zilikuwa karibu kwisha. Mfungaji wa wauguzi alipata mpira chini ya pete, akalenga, akaurusha. Mnara aliruka. Vidole vyake viliugusa mpira ukiwa njiani, ukapinda, ukagonga chuma, ukarudi mikononi mwake. Filimbi ikalia. Sare, na ua mzima ukavamia uwanja kana kwamba wamechukua kombe.

Muuguzi mfupi alimfikia akihema. "Jumatatu njoo nikupime."

"Njoo wewe nikupime," Mnara akasema, akamkumbatia hadi miguu ya mwenzake ikaning'inia.

Katika msongamano ule, mwenye karakana ya viti vya magari aliuliza ni akina nani kati yao wanaojua kushona ngozi. Wote waliinua mikono, akacheka. Aliweza kuwachukua wawili tu, kwa siku chache za wiki, na wenzao wenyewe wakawachagua Mnara na Kipepeo. Kiwanda hakikufunguliwa. Wengine walihama, wengine bado wanatafuta. Dawa za presha Mnara anaendelea kumeza, lakini usingizi umerudi, na mumewe amerudia kuingia nyumbani akipiga mluzi.

Wiki iliyopita wanawake waliokuwa kiwanda cha sabuni walileta ujumbe kwamba nao wana timu. Mnara aliupokea akiwa kwenye cherehani, akauliza jambo moja tu: mfungaji wao ana urefu gani.