Kiroba Changu cha Chubwi za Rangi ya Chungwa

Admin, ficha jina langu na majina ya wote nitakaowataja, ila maneno yangu yaache kama yalivyo.

Leo ni Jumapili, na huu ni mwaka wa kumi na nane tangu nyumba yangu ya Kigamboni ibomolewe kupisha ujenzi, nikahamia Kimara kwa binti yangu. Nina miaka sabini na mmoja, karani mstaafu, mgane. Kule ng'ambo sikubakiza kitu isipokuwa mwamba. Jumamosi nikijaliwa navuka na pantoni, naketi juu yake na mshipi wangu wa kuvulia kwa mkono, na kwa saa chache naona kama sijawahi kuhama.

Mie ni mtu wa bara. Kuvua nilifundishwa na jirani yangu, marehemu mume wa Bi Siwema, pamoja na adabu za pale. Ukimkuta mtu mwambani, unasalimu, unamuuliza anatupa upande gani, ndipo unakaa. Samaki mchanga anarudishwa majini. Na kubwa kuliko yote, mshipi wako ukikwama na kukatika, hauuachi. Unangoja maji yapwe, unashuka, unautoa, kwa sababu chini ya mwamba huo wanawake hupita na kandambili zao wakichokoa pweza.

Kisha akaja mtu nitakayemwita Injinia, na rafiki zake. Wana fimbo ndefu za kuvulia, makasha ya barafu, muziki, na uzi wa kusokotwa usiooza. Chubwi zake, yaani zile risasi za kuzamisha ndoana, amezipaka rangi ya chungwa kali ili zisichanganyike na za wenzake. Uzi ukikwama anaukata kwa kisu, anafunga mwingine. Siku moja nikamwambia, "Baba, maji yakipwa shuka ukatoe uzi wako. Kuna watu wanapita huko."

"Shikamoo mzee wangu," akajibu akicheka. "Bahari haina hati. Si itajisafisha yenyewe?"

Mwenzake akadakia, "Mwachieni mzee bwana, yeye anavulia plagi ya bodaboda!" Kweli, uzito wa mshipi wangu ni plagi kuukuu. Wakaangua kicheko, na mie nikacheka nao. Kicheko changu kile ndicho kinachoniuma hadi leo.

Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yalipopwa sana, Bi Siwema alishuka kutafuta pweza. Uzi ukamzonga kifundo cha mguu, na alipojinasua ndoana ikazama unyayoni. Nilishuka nikaukata. Mwisho wa uzi ilining'inia chubwi ya rangi ya chungwa. Bi Siwema ana kisukari. Kidonda kilichacha, na hospitali wakamkata vidole viwili. Mwanamke aliyelea watoto wanne kwa pweza wa mwamba ule sasa anashinda barazani, mguu juu ya kigoda.

Nilimpelekea Injinia habari. Akasema, "Pole yake sana. Ila mzee, una uhakika gani ni yangu? Rangi hiyo si inauzwa madukani?" Wiki ileile akabandika picha yake mtandaoni, amekumbatia samaki mkubwa, kolekole, chini ameandika, "Bahari ni uhai, tuitunze." Watu wakammiminia mioyo.

Nilianza kidogo. Walipouliza samaki wako wapi, nikawaelekeza penye bunju watupu, wale samaki wa sumu wanaojivimbisha. Asubuhi nzima wakavua mipira ya miiba, huku meno ya bunju yakiwakatia nyuzi. Nilifurahi, lakini sikuridhika. Tangu hapo kila Jumamosi maji yakipwa nashuka na kiroba, naokota nyuzi, ndoana, chupa, na chubwi zake moja moja. Naziosha. Zinang'aa kama siku alipozipaka.

Sasa Jumamosi ijayo kundi lake linafanya usafi wa ufukwe. Kutakuwa na maturubai, fulana za kijani, mgeni rasmi, na Injinia atapewa tuzo ya kutunza mazingira. Alinipigia mwenyewe. "Mzee wetu, wewe ndo historia ya pale. Tunaomba useme neno la kuwakaribisha wageni." Nikakubali palepale, kwa sauti tamu hata nikajiogopa. Neno langu ni kukimwaga kiroba kile mezani, mbele ya mgeni rasmi. Nalala nikisikia risasi zile zinavyogonga meza. Nataka amtazame mgeni rasmi usoni aseme tena kwamba rangi inauzwa madukani.

Kosa langu ni kumwambia Bi Siwema. Nilidhani atafurahi.

"Mguu ni wa nani, Baba Neema?" akaniuliza.

"Wako."

"Nimekutuma?"

Nikautazama ule mguu juu ya kigoda.

"Mwanangu ndo dereva wake. Hizi dawa mie nanywa kwa mshahara wa yule mtu. Wewe utamwaga kiroba chako, utapanda pantoni urudi zako Kimara. Sie tutabaki na nini?" Kisha akanimiminia chai, kama hakusema kitu.

Sikulala usiku ule. Nikinyamaza, mtu aliyemkata vidole atapigiwa makofi juu ya mwamba wetu, na mie ndiye nitakayekuwa nimewakaribisha wapigaji. Nikimwaga, nitamnyang'anya Bi Siwema mkate, kwa jina la mguu wake. Na bado, ndugu zangu, roho inataka. Kiroba kiko nyuma ya mlango ninapoandika, na nimeshakifunga kamba ya kufunguka kwa mvuto mmoja.

Nyie mnaosoma, vijana kwa wazee, niambieni kabla ya Jumamosi: nimwage au nikae kimya? Msinionee haya kwa umri wangu. Ila jambo moja msijisumbue kunishauri, kwa kuwa nimeshaliamua. Nikimwaga au nisimwage, baada ya siku hiyo mwambani pale sirudi tena.