Treni ya Mdogo Wangu Pale Ukumbini

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwenye maonesho ya watoto pale mjini Arusha, na nusura nitoke mbio.

Hakukuwa na cha kumkimbiza mtu. Kwenye meza moja ya pembeni walikuwa wamepanga reli ya matofali ya plastiki, yale ya kuchezea yanayong'ang'aniana yakibanwa, na juu yake kitreni chekundu kinazunguka chenyewe. Watoto wamejaa. Binti yangu akachomoka mkononi mwangu kwenda mbele, mimi nikabaki nyuma. Ndipo nikagundua kwamba treni yenyewe siitazami hata kidogo. Natazama nyuso za watoto, mmoja baada ya mwingine, namtafuta yule ambaye macho yameanza kumpotea. Ni tabia ya zamani hiyo, rafiki yangu. Ngoja nikueleze ilikotoka.

Tulikuwa tunakaa Engutoto, nyumba ndogo yenye ua wa udongo mwekundu, mimi, mama na mdogo wangu wa kiume. Baba alikuwa dereva wa malori ya mbali, nyumbani alipita kama mgeni. Mama aliuza mitumba sokoni Kwa Mrombo, mitumba ya watoto: viatu, mabegi, midoli iliyokatika mikono. Siku moja alifungua robota akakuta ndani yake mfuko mzima wa matofali ya plastiki, vipande vya reli, na kichwa cha treni cha kutumia betri. Wateja waliushika, wakaukung'uta, wakaurudisha. Nani atanunua kitu ambacho hajui kama kimetimia? Mama akaubeba nyumbani, akaumwaga kwenye mkeka mbele ya mdogo wangu, akaenda zake jikoni.

Alikuwa anatafuta cha kumshughulisha, maana mdogo wangu alikuwa haendi tena shule. Alikuwa na kifafa.

Sijui wewe umewahi kukaa na mtu mwenye kifafa. Anguko lenyewe ni la muda mfupi. Kinachokumaliza ni kulisubiri. Unakula huku unasikiliza. Unafua huku unasikiliza. Nilijifunza kutofautisha sufuria ikidondoka na kichwa kikidondoka, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemfundisha mama, na mama akanifundisha mimi: ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mlaze ubavu, usimbane, usimtie kitu chochote mdomoni, subiri. Mama aliniambia pia nisimtazame usoni, nitazame mkono wake wa kushoto. Kabla hajaanguka, kidole gumba cha mkono ule kilianza kusugua kidole cha pembeni yake, polepole, kama mtu anayepima ubora wa kitambaa.

Shuleni alikuwa ameanguka mbele ya darasa, watoto wakakanyagana kutoka nje. Baada ya hapo mama aliombwa amweke nyumbani "mpaka apone". Jirani yetu, mama mwema tu ambaye tuliazimana chumvi na moto, aliwaita watoto wake ndani kila mdogo wangu alipotoka uani. Aliwaita tu, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba chakula kimeiva.

Basi yale matofali yakawa shule yake na rafiki zake. Asubuhi niliamshwa na mlio wake, akiyachakura kwenye mkeka kama mtu anayechambua maharage kwenye ungo. Miaka ile treni ilikuwa haifiki Arusha. Stesheni ilikuwa kimya, reli zimemezwa na nyasi, na sisi tulizijua kama njia ya mkato tu. Lakini bibi, mama yake mama, aliikumbuka. Alikuwa anashuka kutoka shambani kwake mlimani, ubavuni mwa Meru, na mkungu wa ndizi na maziwa ya mgando ya kutupikia loshoro, ndizi za kupondwa na maziwa. Akishakaa kwenye kigoda, mdogo wangu alimhoji: mabehewa yalikuwa na rangi gani, kahawa ilipakiwa wapi, honi ililiaje. Bibi alifunika mdomo kwa viganja akaiga ile honi, mpaka kuku wakatawanyika. Mdogo wangu alicheka kwa kelele, na mimi hata katikati ya kicheko kile nilikuwa natazama mkono wake wa kushoto.

Alijenga stesheni. Akajenga mlima Meru kwa rangi zote zilizokuwepo, ya kijani hayakumtosha, akautoboa handaki ambalo kwenye mlima wa kweli halipo. Treni ilitoka stesheni, ikaingia mlimani, ikapotea, ikatokea upande wa pili. Ile dakika ya kupotea ndiyo aliyoipenda. Alishika pumzi mpaka ichomoze.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili ndiye aliyeiona. Alikuwa na desturi ya kumletea somo nyumbani, na siku hiyo somo lilisahaulika kabisa. Alikaa kwenye mkeka na sketi yake ya kanisani akaitazama treni ikizunguka mpaka betri zikalegea. Kisha akamwambia mama kwamba usharika unaandaa maonesho ya kazi za watoto, yako wazi kwa mji mzima, na kwamba treni hii lazima iwepo, na mwenye treni pia.

Mama alikataa kabla mwalimu hajamaliza. Mwalimu akasema watamwombea, watamwekea kiti, hatachoka. Mama alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama mkononi.

"Mwalimu, akianguka humu ndani, ni mwanangu ameanguka," alisema. "Akianguka kule mbele za watu, hilo ndilo litakuwa jina lake."

Sikuwahi kumsikia mama akisema hivyo. Nilikuwa nadhani anaogopa ugonjwa. Kumbe alichokuwa anaogopa ni watu, na kuanzia jioni ile na mimi nikaanza kuwaogopa.

Mdogo wangu hakulia. Aliendelea kuchambua matofali, lakini hakujenga kitu, akawa anayatenga kwa rangi na kuyachanganya tena. Siku kadhaa zikapita hivyo. Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyeshindwa. Akaniita jikoni akaniambia atamruhusu, ila siku ile ni Jumamosi, siku ya soko, na hata angekuwa na nafasi asingeweza kusimama pale akatazama. Nitasimama mimi. "Usitazame treni," akasema. "Utaitazama siku nyingine."

Asubuhi ya maonesho niliamka kukiwa bado giza. Mdogo wangu alikuwa hajalala vizuri kwa furaha, na kukosa usingizi kulikuwa adui yake mkubwa. Nilimwambia mama. Akasimama mlangoni na mzigo wake kichwani, akamtazama mtoto amevaa shati la Pasaka, amekumbatia sanduku la karatasi lenye mlima ndani. Nilisali aseme basi, tusiende. Akasema, "Nendeni," akatangulia barabarani bila kugeuka.

Ukumbi ulinuka maandazi na dawa ya sakafu. Kulikuwa na meza za vikapu, ndege za mabua, keki, shuka zilizotariziwa, na kipaza sauti kilichokoroma kila mtu alipokisogelea. Bibi alikuwa ameshafika, kilemba cheupe, ameketi karibu na dirisha na wanawake wenzake wa mlimani. Tuliunganisha reli. Mdogo wangu akabonyeza kitufe, treni ikaondoka, na watoto wakaja kama waliosikia kengele.

Ingekuwa ni hadithi ya mtu mwingine, ningekuambia jinsi walivyofurahi. Mimi sikuona. Niliona mkono mmoja mdogo kwenye kitambaa cha meza. Kila kelele ilinipiga kifuani. Mtu alipopiga picha na mwanga ukamulika, nilijisogeza katikati yake na kamera. Nilihesabu milango, nikapima umbali wa kona ya meza na kichwa chake, nikasogeza chupa ya soda ya mtu bila kuomba. Jirani yetu alikuwepo, amewashika watoto wake mabegani, wanaitazama treni kutoka mbali.

Kisha akaja mgeni rasmi, mzee wa suti ya kahawia, nyuma yake msafara wa wazee wa kanisa. Mdogo wangu akatoa shikamoo. Mgeni akaitikia, akainama hasa, magoti yakalia, akauliza treni inatoka wapi inakwenda wapi. Mdogo wangu akaeleza. Alieleza kwa utulivu ambao sijawahi kuwa nao mpaka leo: hii ni stesheni, hapa wanapakia kahawa, hapa inaingia mlimani. Ukumbi ulikuwa umenyamaza kumsikiliza. Kwa mara ya kwanza nikainua macho kutoka mkononi, nikamtazama usoni, kwa kuwa nilitaka kumwona akisikilizwa.

Niliporudisha macho, kidole gumba kilikuwa kinasugua.

"Kaa chini," nikamnong'oneza. "Kaa chini sasa hivi."

"Bado haijatoka, dada," akasema, na alikuwa anatazama mdomo wa handaki.

Akaanguka. Nilimdaka bega tu. Mkono wake uliufagia mlima kutoka mezani, matofali yakamwagika sakafuni kwa kishindo kilichowarudisha watu wote nyuma kwa pamoja, kama maji yanavyorudi. Nikasikia mtu anasema asiguswe, mwingine anasema leteni kijiko. Kipaza sauti kilikuwa bado kinakoroma. Jirani yetu alikuwa amewaziba watoto wake macho anawavuta kwenda mlangoni.

Nilikuwa na hofu kiasi kwamba sikuisikia tena, kama mtu aliyeshika barafu mpaka mkono umekufa ganzi. Nilisukuma kiti. Nikamlaza ubavu. Nikavua sweta nikaliweka chini ya kichwa chake. Alikuwa amekakamaa, kisha akaanza kutikisika, povu mdomoni, na mwanaume mmoja akapiga magoti amshike miguu. Nilisikia sauti ikisema, "Usimshike, baba. Ataamka mwenyewe." Ilikuwa sauti yangu, na mwanaume yule alitii.

Lakini macho ya watu hayakuondoka. Yale ambayo mama aliyaogopa ndiyo haya, yamepanga duara juu yetu. Hapo bibi akafika. Alikuja taratibu, maana nyonga zilimsumbua, watu wakimpisha. Akajishusha sakafuni na nguo zake za kanisani, akanyoosha miguu, akafungua kanga iliyokuwa begani akamfunika mjukuu wake kuanzia kiunoni, kwa kuwa alikuwa amejikojolea. Kisha akainua uso akawatazama wote, mgeni rasmi naye akiwemo.

"Treni ile pale," akasema. "Tazameni treni."

Na kweli ilikuwa bado inakwenda. Reli haikung'oka. Kitreni kilipita stesheni, kikapita mahali ulipokuwa mlima, kikarudi. Mgeni rasmi ndiye wa kwanza kugeuza shingo. Akaweka mikono nyuma, akaitazama treni kwa makini kama mtu aliyetumwa. Wengine wakafuata. Mbele yangu ukabaki ukuta wa migongo.

Mtikisiko ukaisha. Pumzi ikarudi na kile kikoromo chake cha usingizi. Alipofumbua macho alichukua muda kunitambua. Akaona matofali yametapakaa.

"Nani amebomoa mlima?"

"Wewe," nikamwambia, na nikaanza kulia kwa mara ya kwanza siku ile.

Mama alifika akiwa amepanda bodaboda kutoka sokoni, viatu mkononi. Kule sokoni mtu alikuwa amemwambia kuna mtoto amefia ukumbini. Sitaweza kukueleza uso wake alipoingia mlangoni. Alimkuta mwanawe amelala mapajani kwa bibi, na chini ya meza watoto wanatambaa wakiokota matofali. Wa jirani nao walikuwemo. Walikuwa wamemponyoka mama yao uani. Waliujenga mlima upya, kila mmoja na lake, ukawa mrefu mno na umepinda, haufanani na Meru wala na mlima wowote. Mwalimu alitaka kuwasahihisha. Mdogo wangu, bado na usingizi, akasema waacheni.

Si wote waliorudi. Wako waliowachukua watoto wao wakaondoka, na Jumapili iliyofuata wakakaa benchi la mbali. Jirani aliendelea kuwaita wake ndani, ila sasa walikuwa wanachelewa kuitika.

Siku hizi Engutoto yetu huwezi kuijua. Ua ule umemezwa na nyumba ya ghorofa, ukumbi ule umebomolewa wakajenga mwingine wenye vioo. Bibi tulimzika mlimani, kati ya migomba yake. Matofali yalipotea moja moja, kama yanavyopotea. Treni ya kweli ilirudi Arusha, bibi akiwa hayupo tena wa kuisikia. Mama amezeeka na hauzi tena. Mdogo wangu ni mtu mzima, ana mke, analima mboga Nduruma, anameza dawa zake kila jioni, na miaka imepita bila kuanguka.

Jioni ya yale maonesho ya mwezi uliopita nilimpigia simu. Sikuwahi kumuuliza, nikamuuliza: unakumbuka nini kuhusu siku ile ya ukumbini? Akasema anakumbuka shati la Pasaka lilivyombana shingoni. Anakumbuka mzee wa suti akiinama kumsikiliza. Anakumbuka watoto wengi, wengi kuliko aliowahi kuwa nao karibu, wanajenga mlima uliopinda. Nikamuuliza, na katikati? Akasema katikati hakuna kitu, labda alisinzia kidogo. Kisha akacheka, akasema ilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wake, na akaniuliza kama mimi pia naikumbuka hivyo.

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa siku nzuri.