Fundi Yotham, Kibuyu na Nguzo ya Kumi na Tisa

Saa mbili asubuhi, Fundi Yotham Ndahani amepiga magoti kwenye baraza la nyumba kongwe mjini Mpwapwa, anasukuma kibuyu katikati ya nguzo mbili za mbao. Kibuyu kinagoma kupita. Anahamia nguzo zinazofuata. Nyuma yake watoto kumi na wanne wamepanga foleni, kila mmoja anadai zamu yake ya kusukuma.

"Hiki ndicho kichwa cha mtoto wa miaka mitatu," anasema bila kucheka. "Nilikwenda mnadani na mjukuu wangu, nikawa nashika kibuyu kando ya kichwa chake, nalinganisha. Muuzaji alinipunguzia bei. Nadhani alinihurumia."

Mjukuu mwenyewe ni Jenifa, na ndiye chanzo cha yote haya. Miezi miwili iliyopita alipenyeza kichwa kwenye nguzo za baraza amtazame mbuzi, kikakataa kurudi. Mwalimu Asma, aliyepanga sehemu ya mbele ya nyumba hiyo na kuifanya kituo cha kulelea watoto, alimmiminia nusu lita ya mafuta ya alizeti.

"Kichwa kilitoka, lakini alinukia chapati siku mbili," anasema Asma.

Wiki hiyohiyo alifika ofisa wa ustawi wa jamii. Akapima nafasi kati ya nguzo, akatazama urefu wa baraza hadi chini, akatoa siku kumi na nne. Nafasi zizibwe, la sivyo kituo kifungwe.

Yotham, mwenye umri wa miaka 52, ni seremala wa vitanda na viti. Siku ikiwa nzuri huondoka na shilingi elfu kumi na tano. Binti yake, mama wa Jenifa, anafanya kazi mbali, huko Chimwaga, na hurudi mwisho wa wiki tu.

"Kituo kikifungwa, huyu Jenifa anahamia karakanani kwangu," anasema. "Kule kuna misumeno mitatu na randa. Juzi tu alijaribu kuchana nywele kwa tupa. Niliogopa, sikufichi."

Dawa ilikuwa rahisi: kupigilia mbao nyembamba katikati ya nguzo. Ila mwenye nyumba, Bibi Loisi, mjane wa miaka 74, hakutaka hata kusikia.

"Baraza hili alilijenga baba mkwe wangu kwa mninga mtupu, halina msumari hata mmoja," anasema. "Nikamwambia fundi, atakayeleta msumari hapa, ahame nao."

Ndipo Yotham akakumbuka vigoda vya nyumbani kwao, vile vya kusukwa kwa ngozi ya ng'ombe. Angesuka mikanda ya ngozi mbichi kati ya nguzo, ikauke, ikaze yenyewe. Haitoboi wala haikwaruzi mbao. Bibi Loisi akakubali ajaribu, naye akapanda barazani kusimamia.

Kosa lililofuata fundi halikatai. Ngozi ilipomwishia, alikifunga kigeti cha juu ya ngazi kwa mkanda mbichi, kwa muda tu, watoto wasitoke, akaenda machinjioni kutafuta nyingine. Alisahau jua la Mpwapwa na upepo wake. Mkanda ukakauka, kigeti kikawa ukuta. Bibi Loisi, mwalimu na watoto wote wakabaki ndani.

Mlango wa kupitia nyumbani kwake, Bibi Loisi alikuwa ameukomea mwenyewe kwa upande wa pili, watoto wasimwingilie jikoni, kisha akazunguka kwa nje. Visu vyote viko jikoni. Simu ya fundi ilipigwa mara kumi na moja. Ilikuwa kwenye koti lake, na koti limetundikwa palepale barazani.

"Nilikaa nao saa mbili nzima," anasimulia Bibi Loisi. "Wanne walinikalia. Mmoja alinivua kilemba."

Jenifa, aliyekuwa amejua kuhesabu majuzi tu, alizihesabu nguzo moja moja. Kwenye ya kumi na tisa akasimama, akakwangua rangi kwa ukucha. "Bibi, kwa nini hii siyo kama zile?"

Anapofika hapa katika simulizi, Bibi Loisi anajifuta macho kwa khanga.

"Mume wangu alinasa hapo akiwa na miaka minne. Baraza lilikuwa halijamaliza hata mwezi. Baba yake alichukua msumeno akakata, akaweka mti wowote uliokuwa karibu. Mume wangu mwenyewe alinionyesha nilipoolewa. Na mimi miaka yote hii nawaambia watu halijaguswa."

Yotham alirudi na ngozi begani. "Nikasema shikamoo mama. Akanionyesha kigeti kwa kidole. Nikajua kazi imeniponyoka," anasema. "Nikawa nakata mkanda wa kigeti huku naomba radhi. Akaniambia, 'Suka zote. Na mtoto akinasa tena, usinitafute kuomba ruhusa. Kata.'"

Siku ya kumi na tatu ofisa alirudi. Alisukuma kwa ngumi, kisha akaomba kibuyu. Kilipokwama, akasaini. Kigeti sasa kina komeo la mti.

Kila Jumatatu Yotham hurudi kukagua, maana ngozi hulegea kukiwa na unyevu. Karakanani kwake, juu ya meza, imetundikwa nguzo mpya ya mninga, imechongwa sawasawa na zile za zamani na kupakwa mafuta. Ni ya akiba, siku msumeno ukihitajika.

"Niliichonga siku tatu, sijawahi kuchonga kitu kizuri hivi," anasema, akiipangusa vumbi kwa kiganja. "Natamani izeeke hapahapa ukutani, isipate kazi."