Nani Kawatuma Kunyamazisha Feni Yangu?

Kuna jambo nimewaficha wanangu tangu mvua zianze, na leo limeniponyoka kwa sababu ya feni.

Ni ile feni ya chuma niliyoinunua nilipoanza kufundisha. Siku hizi ikiwaka inakwaruza hadi majirani wanalalamika.

Nimetoka kuota jua, naikuta sebuleni, imefunguliwa!

Binti yangu, Mama Kabula, kaitoa chumbani kwangu, maana mkwe haingii chumba cha baba mkwe. Adabu hiyo wameikumbuka. Adabu ya kuniomba ruhusa je?

"Shikamoo, baba," mkwe akasema, bisibisi mkononi. "Hii inazishinda kalasha zetu za kusagia mawe kule mgodini Segese!"

Sikuitikia marahaba. Nilikuwa nimekasirika kiasi hicho.

Akatia mafuta, akakaza skrubu. Kelele palepale. Akazungusha mapanga kwa mkono, akatega sikio, kisha akachomoa kizibo cha soda kilichobanwa nyuma ya wavu.

"Baba, nani kaweka hiki?"

"Muulize aliyekutuma!" nikafoka.

Akawasha. Kimya kabisa. Wakapiga makofi, wakacheka.

Ndipo kikohozi kikanishika, nikashindwa kukizuia.

Mama Kabula akaacha kucheka. "Baba, unakohoa hivyo tangu lini?"

Nimekuja kuandika huku mtandaoni, maana mdomo umekataa.

Semeni ninyi: mzee hana haki ya kelele zake mwenyewe?

Kizibo nilikiweka mimi, ili usiku wasinisikie.

Ninakohoa damu.