Chuma cha Hayward

Manyoya ya ng'ombe yakiungua hutoa harufu isiyofanana na nyingine. Hadi leo, nikipita sokoni Lumakanda penye vichwa vinavyobabuliwa kwa moto, hasira hunipanda kabla sijajua kwa nini. Kisha nakumbuka kile chuma cha kuwatia ng'ombe chapa, chenye herufi H.

Kilikuwa cha mzungu aliyeitwa Hayward, ambaye shamba lake liligawanywa vipande baada ya uhuru. Babu alikuwa mchungaji wa ng'ombe wake. Mzungu hakujisumbua kujifunza jina lake. Alimwita boi, na watu wakamwita Babu kwa jina la tajiri wake. Siku ya ugawaji karani aliandika Hayward, Babu akapata kipande chake. Chuma nacho kilibaki. Baba aliendelea kuwachoma nacho ng'ombe wetu. Shuleni tulitaniwa kuwa wazungu weusi, nami nikatembea kifua mbele kama mtu aliyeachiwa urithi.

Miaka ya tisini, nikiwa darasa la tano, mdogo wangu alizaliwa. Alilia mchana kutwa. Kwetu mtoto wa namna hiyo huitiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile analolinyamazia ndilo lake. Nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, alimpakata akaanza kuita. Mtoto hakunyamaza. Baba akadakia kutoka mlangoni:

"Mwite Hayward, Mama. Si ndilo jina la marehemu mzee?"

"Huyo mzungu alikufa kwao. Aende akaitwe na watoto wake."

"Jaribu tu."

Kukhu akalitamka kama anayetema ganda la muwa. Mtoto akazidisha kilio.

"Huyu hajui Kizungu!" akacheka mama wa jirani.

Kukhu hakucheka. Maisha yake yote alimwita mumewe Baba Jairo, kwa jina la baba yangu, kama wake wa kwetu wafanyavyo kwa heshima. Jina halisi la Babu sikuwa nimelisikia kinywani mwake hata siku moja. Akafumba macho.

"Makokha."

Mtoto akanyamaza.

"Makokha hana shamba," Baba akasema. "Shamba limeandikwa Hayward. Tukibadilisha majina, kesho mtu atakuja kutuuliza sisi ni akina nani."

"Na wewe utamjibu nini, Jairo?"

Jumapili mtoto alibatizwa Hayward.

Nilimkasirikia Baba miaka mingi. Shule niliiacha mapema, lakini kusoma sikuacha, na maktabani Kakamega nikapata kitabu cha asili ya majina ya Waingereza. Kumbe Hayward wa kwanza alikuwa mlinzi wa uzio kijijini, aliyezuia mifugo isile mazao ya watu. Nilifunga kitabu. Babu alifanya kazi hiyohiyo maisha yake yote. Mwingereza aliifanya, wajukuu wake wakarithi jina. Babu aliifanya, akanyang'anywa lake, akabandikwa la mwenye ng'ombe, kama ng'ombe.

Hapo ndipo nilipoielewa hofu ya Baba, kwamba aliyenyang'anywa jina aweza kunyang'anywa hata shamba, na hasira yangu ikahama kutoka kwake, ikaenda ilikostahili. Haijapoa, wala sitaki ipoe.

Mwaka jana mdogo wangu alipata mtoto. Alinipigia simu, nami nikasikia kilio nyuma yake.

"Kaka, tuanze na jina gani?"

Nikamwambia aanze na lile alilolinyamazia yeye.