Nimepuliza filimbi ya mbio, ikawa foleni

Jamani, leo filimbi yangu imenichanganya mwenyewe!

Kipindi cha michezo, shuleni kwetu Ujiji. Nimewapanga watoto, mstari wa kumalizia uko upande wa ziwani. Nikapuliza.

Nadine, aliyetoka kambi ya wakimbizi juzi akaja kuishi kwa shangazi yake, akachomoka mbio zote. Ila kanijia mimi! Akasimama wima, mikono ameikinga.

Wenzake nao wakageuza, wakajipanga nyuma yake. "Mwalimu, unagawa nini?"

Nigawe nini? Nina filimbi tu!

"Nadine, mbona hukukimbia?"

"Nimekimbia, Mwalimu. Kambini wakipuliza, ukichelewa unakuta unga umeisha."

Na kweli, aliwaacha wote.

Kesho tuna kipindi tena. Mbio nizianzishe kwa kitu gani?